Maji ya Nusu

Kiini kilikuwa bado cheupe.

Bibi Adventina aliisogeza chupa karibu na dirisha, akavaa miwani yake juu ya ile miwani ya kazi, akakitazama tena. Kilikuwa kidogo kama punje ya choroko, kimetulia juu ya ute wake ndani ya chupa, na kwenye ukingo palikuwa na mstari wa kahawia mwembamba kama uzi wa kushonea. Jana uzi ule haukuwapo. Alikuwa amelea chupa kwa miaka thelathini na moja, akajua maana yake: kesho asubuhi kiini chote kitakuwa rangi ya chai, na mgomba wa mama yake utakuwa umekwisha duniani.

Nyuma yake rafu zilikuwa tupu. Zamani Nyumba ya Chupa ya Nyakabira ilijaa kijani kutoka sakafuni hadi darini, chupa elfu nne, kila moja na kimgomba chake. Watu wa nyanda zote za juu walikuja hapa kuchukua miche. Migomba yote ilikuwa mmoja, tunda lake ni lile lile, utamu ule ule. Ilipandwa siku moja ikakatwa mikungu wiki moja. Kwa miaka arobaini hakuna mtoto aliyelala na njaa Nyakabira, na jambo hilo si dogo, Adventina alilishukuru kila alipopiga magoti kusali.

Kisha ukaja mnyauko. Ulipata ufunguo wa mlango mmoja, na milango yote ilikuwa na kufuli lile lile.

Nje ya dirisha vibanja vya migomba vilikuwa vimesimama vimekufa, majani yamening'inia kama nguo zilizosahaulika kambani. Tunguu kumi na nne, yale mashina ya chini ya udongo, zililetwa hapa kutafutwa kipande kisicho na ugonjwa. Kumi na tatu zilioza mikononi mwa walezi. Ya kumi na nne ilitoka kwenye kibanja cha Adventina mwenyewe, pembeni mwa jiko, pale mama yake alipopanda chipukizi siku Adventina alipoolewa. Waliichonga mara nne wakiukimbia ugonjwa, mpaka ikabaki punje hii. Ukiikata mara ya tano, inakufa.

Mlango uligongwa kwa fimbo.

"Fungua, mke wangu! Nimebeba haramu!"

Alikuwa Mzee Byabato, jirani yake, mwenye miaka themanini na mitatu na meno manne. Alimwita mke wangu tangu mumewe Adventina angali hai, na marehemu alikuwa akicheka kuliko wote. Mkononi alishika jani la mgomba lililokunjwa kama linalofunikia chakula.

"Haramu gani saa mbili asubuhi?" Adventina alimkaribisha, akamvutia kiti, kile chenye mto, kwa kuwa goti la kushoto lilimsumbua.

Byabato alifungua jani. Ndani mlikuwa na vijiua vyembamba kama vidole vya mtoto mchanga, na juu yake unga wa manjano.

Adventina aliinama juu yake.

"Mgomba wa mawe," alisema. "Byabato! Iling'olewa yote. Wakaguzi walipita nyumba kwa nyumba."

"Wakaguzi hawaingii nyuma ya choo cha mzee." Alicheka, kisha akaacha. "Miaka tisa. Kila mwaka ukitoa machipukizi nayang'oa mwenyewe usiku, usije ukaonekana ni kichaka. Mama mtu mmoja tu, peke yake, maana mgomba wa mawe huchelewa kuchanua. Niliutaka kwa ajili ya kete. Hizi kete zao za plastiki haziimbi kwenye bao. Mbegu ya mgomba wa mawe ukiidondosha shimoni, inasema."

"Na mnyauko?"

"Migomba yangu mingine yote imelala chini. Huo umesimama katikati yao kama askari. Jana umechanua. Ukishachanua ndiyo basi, unajua. Unazaa mara moja unakufa, na mtoto sikuuachia." Alitazama mikono yake. "Ujinga wangu huo. Lakini nikakumbuka una kile kichupa cha pili, usichokitumia."

Kichupa cha pili kilikuwa kwenye kabati, nyuma ya Maji ya Nakala. Maji ya Nakala ni ya buluu; tone moja, na kila chembe ya mmea hujigawa ikatoa pacha wake, na pacha akatoa pacha. Maji ya Nusu ni ya rangi ya asali. Yaligunduliwa hapa hapa, yakajaribiwa mara mbili, kisha yakawekwa kando, maana nani alikuwa na haja ya ndizi ambazo hazijulikani zitakuwaje?

"Unga huu utakaa hadi lini?" aliuliza, ingawa alijua.

"Jua likifika utosini, ni vumbi tu. Na baridi hauitaki, tulijaribu zamani. Una saa nne, mke wangu."

*

Alistidia alifika saa nne, siku moja mapema kuliko alivyotarajiwa. Alikuwa Afisa wa Chakula wa tarafa nzima, na mwanamke wa miaka thelathini na tano, lakini alipovuka kizingiti alipiga goti sakafuni kama alivyofundishwa.

"Shikamoo Bibi. Shikamoo Babu."

"Marahaba, mwanangu. Simama, sakafu ina maji. Mama hajambo?"

"Mama yupo. Anakohoa." Viatu vyake alikuwa amevivua nje, asilete udongo mgonjwa ndani, na soksi moja ilikuwa na tundu. Adventina alimwona amekonda. Alimfahamu tangu akiwa wa kubebwa mgongoni; akiwa darasa la tatu alikuwa akija hapa kuhesabu chupa, na kila mara aliacha ile iliyodhoofika karibu na dirisha ipate mwanga bila mtu kumwambia.

"Nimeleta hati," Alistidia alisema. "Kamati imekaa jana. Kiini kitiwe Maji ya Nakala leo. Wiki saba tuna miche elfu sita, kila kaya mmoja. Mwakani mwezi kama huu watu wanakata mikungu." Alikuwa akizungumza haraka, kama mtu aliyebeba maji akiogopa kuyamwaga. Kisha akaliona jani mezani.

Byabato alianza kukohoa kikohozi cha uongo.

"Babu, hiyo ni nini?"

"Mboga."

"Babu."

"Mboga za sheria nyingine."

Alistidia hakucheka. Sheria aliijua: mgomba wa mawe ukionekana unang'olewa siku hiyo hiyo, kwa kuwa unga wake ukipeperuka unatia mawe, zile mbegu ngumu, kwenye ndizi za watu. Alimgeukia Adventina, na uso wake ukabadilika polepole.

"Unataka kutumia Maji ya Nusu."

"Nataka tuzungumze," Adventina alisema. "Kaa, mwanangu. Kunywa uji kwanza."

"Bibi, sina muda wa uji."

"Hata mimi sina. Kunywa tukizungumza."

Alimmiminia. Alistidia aliushika ule uji kwa mikono miwili, akanywa kikombe chote kwa mkupuo mmoja, akaona aibu. Adventina alijifanya hakuona.

Byabato alitoa mfuko wake wa kete. Adventina aliumwaga mezani, mbegu nyeusi, ngumu, zinazong'aa kwa kushikwa miaka mingi, akaanza kuzipanga tatu tatu.

"Hii ndiyo chembe moja ya mgomba wetu. Ndani yake mna nyuzi za urithi, kumi na moja za namna mbalimbali, na kila namna wako ndugu watatu. Jumla thelathini na tatu. Ukiitia Maji ya Nakala, kila uzi unatengeneza mwenzake anayefanana naye kabisa. Halafu chembe inajikata mara moja." Alisukuma mafungu kushoto na kulia. "Huyu thelathini na tatu, huyu thelathini na tatu. Hawana tofauti hata ya unywele. Ndivyo mgomba unavyokua, ndivyo kidonda chako kinavyopona. Ni jambo jema, sikatai."

"Najua hayo, Bibi. Ulinifundisha wewe."

"Nilikufundisha nusu. Sasa nusu nyingine." Alichukua kete nyingine ziwe mgomba wa mawe, akazipanga mbili mbili. "Huyu ana ndugu wawili wawili. Ishirini na wawili. Akitaka kutengeneza unga wa ua, nyuzi zake nazo zinajinakili kwanza. Lakini kabla ya kuachana, ndugu wanatafutana. Wanalala bega kwa bega, wanapeana vipande. Hiki changu chukua, hicho chako nipe. Ndipo chembe inajikata, kisha inajikata tena. Mara mbili. Wanatoka wanne, kila mmoja ana kumi na moja tu, na hakuna anayefanana na mwenzake. Ni nusu. Nusu haiwezi kuishi peke yake mpaka ipate nusu ya mwingine."

"Na wetu wana ndugu watatu," Alistidia alisema. "Watatu hawagawanyiki kwa wawili. Ndiyo maana ndizi zetu hazina mbegu."

"Ndiyo maana hakuna mtoto mpya tangu enzi na enzi. Ni mgomba bibi yule yule, tunamkata tunampanda. Maji ya Nusu humwondoa ndugu wa tatu, waliobaki wakapata kulala bega kwa bega. Kiini hiki kitatoa nusu zake, nusu hizo zitakutana na unga wa Byabato, na tutapata mbegu. Themanini hivi."

"Themanini." Alistidia aliweka kikombe chini. "Nyingi zitakuwa chungu. Nyingi zitajaa mawe. Nusu ya mbegu hazitaota."

"Kweli."

"Na kiini chenyewe?"

"Kitaisha. Kinatumika chote. Ule mgomba hautakuwapo tena."

Nje mtu alikuwa akichimbua tunguu iliyooza, jembe likigonga jiwe, likitulia, likigonga.

"Bibi, mimi nina kaya elfu sita," Alistidia alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Unga wa mahindi wa msaada ni kibaba kimoja kwa watu wanne. Mihogo ya dharura haijakomaa. Nikiwapa miche, mwakani wanakula. Ndizi halisi, wanayoijua. Wewe unaniambia niwape bahati nasibu."

"Mwakani watakula. Na mwaka wa kufuata?"

"Mwaka wa kufuata tutajua la kufanya."

"Mnyauko uko udongoni, mwanangu. Unamngoja yule yule. Tukimrudisha, utamla tena, na safari hiyo hakuna kiini kitakachobaki, wala hakuna mgomba wa mawe nyuma ya choo."

"Kwa hiyo wenye njaa wa leo wawalipie watakaozaliwa?"

Lilikuwa swali la haki, na Adventina hakuwa mtu wa kulipiga teke swali la haki. Alitazama chupa. Uzi wa kahawia ulikuwa umenenepa.

"Kuna jambo sijakwambia," alisema hatimaye. "Kaya ya kwanza kunyauka Nyakabira ilikuwa yenu."

"Najua."

"Hujui kwa nini. Mama yako alijenga jiko jipya. Nikampelekea chipukizi, kama ilivyo desturi. Halikupita hapa kukaguliwa. Nililing'oa kibanjani kwangu lina udongo wake, nikalibeba kichwani. Nikapeleka na kwa wengine sita. Jani moja lilikuwa na manjano, nikasema ni jua." Alijifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na maji. "Mama yako alipiga magoti akalipokea, na hakunishukuru, kama inavyotakiwa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya Nyakabira: chipukizi halishukuriwi siku ya kulipokea. Ukishukuru, limekufa. Unashukuru siku unapomrudishia aliyekupa mkungu wa kwanza.

"Mkungu huo haukuja," Adventina alisema. "Ulikuja mnyauko. Sikuwapa sumu, Alistidia, niliwapa kitu nilichokipenda. Tuligawiana kitu kimoja mpaka hatukubaki na kingine. Sitaki kuwagawia tena kile kile, nikijua."

Alistidia alikuwa akilia bila sauti. Byabato alitazama dari, kisha taratibu akamsogezea kitambaa chake cha mfukoni, kilichokunjwa vizuri, kisafi.

Ilikuwa saa tano na dakika arobaini.

Kwa kanuni ya Nyumba ya Chupa, mwenye kibanja ndiye adondoshaye tone. Lakini chombo cha joto, bila hicho tone halifanyi kazi, hufunguka kwa kidole gumba cha afisa. Adventina alitoa kichupa cha rangi ya asali kabatini, akakiweka mezani kando ya kile cha buluu. Hakusema chagua. Aliona si uungwana kumbebesha binti wa mtu mzigo kisha kusimama kando.

"Mimi nachagua hiki," alisema, akagusa cha asali. "Wakikuuliza, sema ni ukaidi wa Bibi Adventina. Mgomba haushindwi na mkungu wake. Nitaubeba."

"Hawatamuuliza bibi," Alistidia alijibu. "Wataniuliza mimi, mlangoni, na sufuria mikononi."

Alisimama. Alikwenda dirishani, akatazama vibanja vilivyokufa. Kisha akarudi, akabandika kidole gumba kwenye chombo. Kifuniko kikapanda.

"Fanya haraka," alisema, "kabla sijawakumbuka watoto wenye njaa wa kule Kyamurega."

Adventina aliiweka chupa ndani, akadondosha tone. Kiini kilifunikwa na asali, kikalegea, kikaanza kupasuka kimya kimya kuwa chembechembe zisizoonekana. Byabato alishika jani, akapuliza unga kwa mdomo wake wenye meno manne, polepole kama anayepoza uji wa mtoto.

Alistidia alivaa viatu vyake nje. Hakuaga.

*

Mbegu zilipatikana sabini na tisa. Ziliota thelathini na moja.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Watu walikula mahindi, na walipochoka kula mahindi wakala machache zaidi. Watu wawili waliotoka Kyamurega walisimama mlangoni kwa Adventina wakamwambia maneno ambayo hakuyarudia kwa yeyote. Wa tatu, mwanamke asiyemjua, alimwachia viazi vitano kizingitini, bila jina. Adventina aliwagawia miche kaya thelathini na moja kwa kura, kila kaya mgomba wake, hakuna uliofanana na mwingine. Mmoja ulikuwa na majani ya zambarau. Mwingine ulikuwa mfupi kama kiti. Watu waliipokea kwa magoti bila kushukuru, na wengine alijua hawakushukuru kwa sababu hawakutaka.

Paskazia, mama yake Alistidia, alifariki mwezi wa tano. Kikohozi, walisema. Hakuna aliyetaja njaa, na hakuna aliyesema siyo. Adventina alikwenda msibani, akaosha vyombo siku tatu, na Alistidia alipita karibu naye mara nyingi bila kumtazama. Paskazia alizikwa kibanjani, na mche walioupata kwa kura ulipandwa kichwani mwa kaburi, kwenye udongo ule ule ulioua wa kwanza.

Mnyauko uliirudia miche mmoja mmoja. Kufikia masika ilibaki tisa. Kufikia kiangazi, minne. Adventina aliacha kuuliza habari. Alikaa Nyumba ya Chupa kati ya rafu tupu, akicheza bao na Byabato, akishindwa.

Siku moja ya Jumamosi, saa nne asubuhi, mlango uligongwa, lakini si kwa fimbo.

Alistidia alikuwa amebeba mkungu kichwani. Ulikuwa mdogo, chane tano tu, ndizi zake fupi, nene, zenye ngozi iliyopauka. Aliutua sakafuni juu ya jani. Byabato aliacha kucheza, kete zikiwa bado mkononi.

Adventina aliwasha jiko. Alimenya ndizi sita, akazipika kwa majani yake yenyewe, bila chumvi, apate kuzijua. Walikula watatu kutoka sinia moja. Haikuwa ndizi ya mama yake. Ilikuwa na uchachu mdogo mwishoni, na ulaini kama wa kiazi, na katika tonge la pili Adventina aliuma kitu kigumu. Alikitoa mdomoni. Mbegu, nyeusi, moja.

"Ina jiwe," alisema, akaiweka kando ya sinia.

"Moja kila ndizi tatu," Alistidia alijibu. "Nimehesabu. Mama angelalamika sana." "Mgomba wa kaburini umesimama, Bibi. Tumeupima mara mbili. Udongo una mnyauko hadi kwenye mizizi, na umesimama. Mitatu mingine nayo, na hakuna uliosimama kwa njia ya mwenzake."

Kisha akapiga magoti, pale pale palipolowa maji ya kuoshea ndizi, akainamisha kichwa.

"Asante kwa chipukizi," alisema. "La mama, na langu."

Adventina alimshika mabega, akamwinua, akamfuta magoti kwa pindo la kanga, la kushoto, kisha la kulia, kama alivyomfuta akiwa darasa la tatu.

Byabato alinyoosha kiganja. Adventina akampa ile mbegu. Aliifuta kwenye shati, akaidondosha katika shimo la bao, na wote watatu wakanyamaza kuisikiliza.